Shimo la Mlingoti Kwenye Njia Panda

Nakumbuka Jumapili moja ya Julai, mwanangu, zile Jumapili za Nairobi ambazo jua huwa limekwenda likizo na wingu limebaki kushika zamu. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada moja na maoni mengi, nikiishi Kianda, Kibera, kwa Senje Rhoda. Senje kwetu ni dada ya baba. Alikuwa amefua nguo za watu tangu sijazaliwa, na Jumanne iliyofuata alikuwa anarudi nyumbani Vihiga, kurudi kabisa.

Kanisa lake ni lile la kanzu nyeupe na ngoma, linalomwabudu Mungu kwa miguu. Siku hiyo waumini walikuwa waandamane kutoka Kibera hadi kwa wenzao wa Kawangware, na kwa kumuaga walimpa Senje bendera aitangulize. Heshima hiyo hakuwa amewahi kuipata. Mimi aliniomba kitu kimoja tu, picha.

"Si yangu," aliniambia akipiga kanzu pasi. "Ni ya nyanya yako. Tangu nije huku anadhani mji umenipoteza, nimeacha kanisa. Na macho yake yanaisha, kwa hivyo sura itoke safi. Usiniletee ukungu, wewe."

Sasa, ile bendera ina sharti lake. Ikiwa njiani, hakuna mtu anayesimama karibu mbele yake, awe muumini, awe mbwa, awe mpiga picha. Anayetaka kumpiga mbebaji picha ya uso akae mbali. Mimi nilikulia kanisani humo, sharti nililijua, na lenzi ndefu nilikuwa nayo. Lakini niliona haitoshi. Nikamwendea rafiki yangu Kamau, aliyekuwa na studio Kawangware, akaniazima konveta. Hicho ni kipande kifupi kinachokaa kati ya kamera na lenzi, na kinachokivuta kitu cha mbali mara mbili.

"Inaleta karibu, lakini inakula mwanga, professor," Kamau alisema. "Na hiyo kamera yako ya kujifokasi inaweza kukataa."

Nilijua. Kijitabu cha kamera kilisema vivyo hivyo, nami nilikuwa nimekisoma chote. Ila msomi, mwanangu, huyasoma maonyo kana kwamba yameandikiwa jirani.

Basi nikajipanga kwenye kilima kidogo ng'ambo ya njia panda, karibu na soko la Kawangware, Kamau pembeni yangu akitafuna mahindi ya kuchoma. Ngoma zikasikika kabla ya watu kuonekana. Kisha bendera ikatokea mwisho wa barabara, na chini yake Senje, mrefu, mweupe kutoka kichwani hadi kwenye raba za miguuni. Nikabonyeza.

Lenzi ikaanza kujifokasi, kutafuta pa kushika. Ikaenda mbele, ziii, ikarudi nyuma, ziii. Kwenye kioo cha kamera Senje alikuwa wingu, mara akawa wingu kubwa zaidi. Unajua, mashine ya namna ile hutafuta mahali ambapo giza na mwanga vinapakana, ishike hapo. Mimi nilikuwa nimeinyima mwanga kwa konveta, halafu nikaionyesha kanzu nyeupe chini ya mbingu nyeupe. Ingeshika nini?

"Hiyo lenzi inatafuta Senje ama inatafuta Yesu?" Kamau akauliza.

"Nyamaza kidogo, bwana."

Mwishowe ikashika, ikatulia kabisa, nami moyo ukaruka. Ilikuwa imeshika ubao wa kinyozi nyuma ya maandamano. Vichwa vilivyochorwa kwa rangi nyeusi vilionekana hadi njia ya wembe, na Senje mbele yao kama mvuke wa chai. Nikabonyeza tena. Ziii. Nikaamua vile vyuma vidogo vinavyoiunganisha konveta na kamera vina vumbi. Nikaichomoa, nikainama, nikaanza kuvipangusa kwa leso kwa makini makubwa. Nilipoinua kichwa, niliona migongo. Maandamano yalikuwa yamepita.

"Umewapiga wateja wa kinyozi," Kamau alisema. Hakucheka. Alijua picha ile ni ya nani.

Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi nilikuwa nimeazima kipande kwa Kamau na macho kwa mashine, na nilikuwa nimebakiwa na leso.

Baada ya ibada, wenyeji wakatupa chai na mihogo. Senje akaja na kikombe chake, jasho usoni, akaketi karibu yangu.

"Umenipata?"

"Senje, mlikuwa mkitembea. Mashine haikuweza kuwashika."

Akanitazama. "Tulikuwa tukitembea wapi? Si tulisimama njia panda?"

Nikachukua muhogo.

"Tangu uzaliwe, bendera ikifika njia panda inafanya nini?"

"Inasimama," nikasema.

"Inachomekwa chini. Mbebaji anageukia pande zote nne, anaombea kila njia, wengine wanamzunguka wakiimba. Mimi nimesimama pale kama nguzo ya stima, nimeinua uso, nikijua mtoto wa kaka yangu yuko mahali ananitazama. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa nikipangusa vyuma. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wangu ulikuwa na kamba ya shingoni na betri ndani.

"Tunarudi kwa njia hiyo hiyo," akasema akiinuka. "Sitabeba tena bendera maishani. Mimi sijui mambo ya mashine yako. Lakini njia panda unaijua."

Nikatangulia. Julai ilikuwa imelainisha udongo, na pale katikati ya njia panda niliona shimo dogo la mviringo mlingoti ulipochomekwa asubuhi. Nikarudi nyuma, mbali na njia ya bendera lakini si kule kilimani. Konveta nikamrudishia Kamau, na mwanga ukarudi kwenye kioo. Kwa hakika bila ile konveta kamera ingeshika vizuri tu, lakini nilikuwa nimekwisha kuuogopa ule ubao wa kinyozi. Nikaizuia kamera isijifokasi. Nikazungusha lenzi kwa vidole, taratibu, hadi kingo za shimo zikakata kama kisu. Halafu nikangoja.

"Unapiga picha ya shimo?" Kamau akauliza.

"Ndiyo."

Ngoma zikaja. Safari hii sikumkimbiza Senje kwa lenzi barabara nzima, nilimwacha aje. Akafika, akachomeka mlingoti upana wa kiganja kimoja tu kutoka shimo la asubuhi, akageukia Kibera, akageukia soko, akageukia upande wangu na kuinua uso. Nikabonyeza.

Kamau aliisafisha filamu kesho yake. Bendera ilikuwa imetikisika, mwanamke mmoja pembeni alikuwa na mikono mitatu, lakini uso wa Senje ulikuwa safi hadi kovu la nyusi. Jumanne Senje akasafiri na ile picha. Nilisimuliwa baadaye kwamba nyanya aliichukua, akaitoa nje kwenye mwanga, akaisogeza hadi ikagusa pua, akaitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Senje, "Umekonda."

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kila kinachokuongezea urefu wa mkono kina kitu kinachokupunguzia, nawe uliza ni nini kabla ya kukifunga. Mashine itakushikia kilicho kikali, haitakushikia kilicho chako. Haijui yupi ni Senje na yupi ni kichwa cha kinyozi. Wewe unajua. Unajua watu wako husimama wapi, na husimama kwa sababu gani, na ujuzi huo hakuna duka linalouuza. Tangulia mahali hapo, tengeneza jicho lako mapema, kisha uwe na subira.

Mungu akupe mwanga wa kutosha, hata Julai. Akulinde na werevu wa kupangusa vyuma wakati uso unaoutaka umeinuliwa kwako. Na wale wanaokupenda wakigeuka kukutafuta, wakukute unawatazama.