Deni Lililozaa Kila Mwezi

Wakati ule wa Hali ya Hatari wakoloni walikuwa wamemweka mume wangu kizuizini, na mimi nilikopa shilingi thelathini kwa mwenye duka mmoja Nkubu ili mtoto atibiwe. Alitaka riba ya shilingi tatu kila mwezi, mpaka thelathini yake irudi nzima. Kila mwezi nilimwomba homgadi, mlinzi wa serikali, ruhusa ya kutoka kijijini, nikapeleka tatu, na deni likabaki thelathini ileile. Nilisoma hesabu shuleni, na bado mtu huyo alininyonya hivyo.

Nikamwambia mama mkwe nitauza mbuzi wetu, nilipe yote. Akang'aka.

"Mbuzi mwenye mimba hauzwi! Unauza boma na watu wake?"

"Mama, huyu atazaa mara moja. Deni la yule linazaa kila mwezi, na kizazi chote ni chake."

Nilimuuza kwa mchinjaji. Mwenye duka alizihesabu shilingi thelathini zake akiwa amenuna.

"Mbona haraka, mama? Ungeniletea tu polepole."

"Polepole yako nimeilisha vya kutosha," nikamjibu.

 Mwezi ulipoisha tulikuwa tukichimba kwa amri handaki la kuzunguka kijiji, mama mkwe akaja karibu, jembe mkononi.

"Zile tatu za mwezi huu ziko wapi?"

Nikafungua pindo la leso, nikamwekea kiganjani. Alizifumbata, kisha akanirudishia.

"Ziweke," akasema. "Tutanunua mbuzi jike."