Mguu wa Gazetini

Mpaka leo mtu akiniambia magazeti lazima yaonyeshe maiti ili wananchi waijue vita, napandwa na hasira. Huko kwetu Ikuti katibu wa tawi la chama alituambia hivyohivyo, na mama yangu, ambaye hata kusoma hakujua, ndiye aliyeonyeshwa.

Ilikuwa wakati wa vita na Uganda. Kaka yangu alikuwa amepelekwa mpakani, na tangu aondoke hatukupata habari zake. Redio ilisema vijana wetu wanasonga mbele, basi. Siku moja mama alirudi kutoka duka la kijiji na chumvi iliyofungwa kwenye gazeti. Alipolikunjua akakuta picha ya maiti waliolala matopeni, hawana viatu. Mguu mmoja ulikuwa na kidole gumba kilichopinda, kama cha kaka aliyejikata kwa jembe utotoni. Mama akapiga yowe.

Kwetu yowe la msiba likishapigwa, hakuna anayeuliza ushahidi. Wanawake waliingia wakilia, wanaume wakapitiliza na majembe yao mpaka nyuma ya migomba. Nikaokota gazeti, nikasoma maandishi ya chini ya picha: hao ni askari wa adui. Nikawafuata mmoja mmoja nikisema jamani, siye kaka. Nani anisikilize? Kaburi lilikuwa limeshafika kiunoni, na wazee wakasema halifukiwi tupu. Wakakata mgomba, wakauviringishia shuka, wakauzika. Katibu akaja kufoka eti tunamlilia adui. Nilitamani kumtupia lile gazeti usoni. Kwani picha tulipiga sisi?

Mama alininunia wiki nzima kwa kumbishia mbele za watu. Halafu taratibu akaanza kuniamini, akawa anacheka tena, anasema mwanawe yu hai. Ndipo katibu yuleyule akaja, safari hii mpole. Kaka ameuawa, amezikwa hukohuko. Mwili hakuna, picha hakuna.

Mama hakupiga yowe. Aliingia ndani akatoka na lile gazeti, bado lina chembe za chumvi kwenye mikunjo, akaniwekea mapajani.

"Gwe mwanangu, wewe unasoma. Huyu si wangu, nimekubali. Sasa wangu yuko gazeti gani?"

Nikamwambia wa kwetu hawawekwi.