Kiunza cha Kaka Yangu

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Rajabu, baada ya adhana ya alfajiri, kaka yangu alifariki nyumbani kwetu, upande wa Msambweni. Alikuwa ameugua kifua kwa majuma matatu. Mimi nilimshika mkono wa kushoto, mke wake wa kulia, na hatukujua ni pumzi ipi iliyokuwa ya mwisho mpaka tulipongoja nyingine isije.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, kuvuta magogo kutoka mashambani kwenda kwenye mashine ndogo ya kupasulia mbao iliyo kando ya barabara ya Lunga Lunga. Tulikuwa wanne. Kaka alisimama mbele akitazama njia na kupiga kelele za kuwahimiza wavutaji. Wenzetu wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, walivuta kamba tuliyoizungusha gogoni ili lipande likiviringika. Mimi nilikaa nyuma, pembeni kidogo, na kigingi, kipande cha mti kilichochongwa upande mmoja. Kila gogo liliposogea, kaka aliita, "Kigingi!" nami nikakisukuma chini yake lisirudi. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Niliipenda kwa sababu haikutaka maneno.

Asubuhi ile mchimba kaburi alileta mashineni kijiti alichokikata kwa kipimo cha urefu wa marehemu. Sisi hatuziki na sanduku. Maiti hulazwa katika mwanandani, shimo dogo lililo ndani ya kaburi, na juu yake huwekwa mbao ili mchanga usimwangukie. Mbao hizo huitwa viunza. Pale mashineni, mtu akija na kijiti cha namna ile, kazi nyingine husimamishwa, na kaka ndiye aliyekuwa akichagua gogo lililonyooka kuliko yote. Aliwachagulia watu wengi.

Sasa uwanja ulikuwa mtupu. Tangu augue hatukuwa tumevuta kitu. Yalikuwapo mabanzi tu, vile vipande vya pembeni vya gogo vinavyobaki na magome, ambavyo watu huchukua kwa kuni au kujengea banda la kuku.

Mwenye mashine alisema, "Nimtume bodaboda Ukunda alete mbao. Baada ya saa mbili hivi atakuwa amerudi."

Nikakataa. Maalimu wa msikiti wetu aliniambia mabanzi yanatosha, hata fito zatosha. Sikumsikiliza. Bondeni, katika shamba la mtu mmoja wa bara, lilikuwa limelala gogo la mwarobaini ambalo kaka mwenyewe aliliangusha kabla ya kuugua. Nilitaka hilo. Maziko yalikuwa baada ya alasiri, na mimi nilidhani nina wakati.

Saa tatu tulikuwa bondeni. Mwenye shamba alinipa mkono.

"Pole sana, ndugu. Na sanduku mtapiga saa ngapi?"

"Hatupigi sanduku. Tunapasua mbao za kumfunika."

"Mbao tu?"

"Mbao tu."

Akalitazama gogo, akaitazama ile njia ya kupandia mpaka barabarani, akavua koti lake na kulitundika mtini. "Nionyesheni pa kushika."

Kwa hiyo tulikuwa wanne tena. Mwenye shamba alishika kamba pamoja na wenzetu, nami nikaenda mbele, mahali pa kaka.

Nikaita, "Haya, vuteni." Gogo halikutikisika.

Yule mnene akageuka. "Bwana, sauti hiyo ni ya kutolea salamu msikitini. Tutukane kama alivyotutukana kaka'ako."

"Leo?"

"Leo hasa. Mimi bila kutukanwa mikono haishiki."

Nikakohoa. Nikasema, "Wewe mnene, umekula au umelamba sahani?" Maneno hayo yalikuwa ya kaka. Yule mwembamba akacheka, kisha akaziba mdomo kwa aibu, na gogo likapanda. Nikaendelea. Nilimwambia mwembamba kwamba kamba ina nyama kuliko yeye. Nilimwambia mwenye shamba, mtu niliyekuwa simjui vizuri, kwamba kwao bara labda magogo huombwa yapande yenyewe. Akanijibu, "Huombwa, na hupanda!" Tulikwenda hivyo hatua kwa hatua, wakipumzika kwa kuukaza mguu na kuishikilia kamba, na sikuona kwamba walikuwa wakichoka kuliko siku nyingine.

Tulipofika palipo na mwinuko mkali, wakavuta kwa nguvu zao zote, nami nikaita, "Kigingi!"

Wakalegeza kamba, kama walivyozoea kulegeza wakisikia neno hilo.

Nyuma hapakuwa na mtu. Gogo likarudi. Lilishuka polepole kwanza, halafu kwa kishindo, likavunja migomba miwili, likaingia kwenye kijito na kutulia. Namshukuru Mungu halikumpata mtu.

Mwenye shamba akauliza, "Nani alikuwa na kigingi?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe si ulikuwa mbele?"

"Ndiyo."

Tukakaa chini. Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka upande wa barabara. Yule mwembamba akasema kwa upole, "Tukianza upya, hatutatoka hapa kabla ya magharibi. Utamweka kaka'ako mpaka kesho?"

Nilitaka kusema ndiyo. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikawaambia tuliache.

Tulipofika mashineni, mwenye mashine alikuwa amekwisha kuchagua mabanzi sita na kuyanyoosha kingo kwa msumeno.

"Nilijua hamtawahi," akasema. "Ungeniruhusu tangu asubuhi, ungekuwa na mbao nzuri."

"Najua," nikamjibu. Tukayapakia.

Maziko hayakuchelewa. Niliingia kaburini na wapwa zetu wawili, tukampokea, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, akaelekea kibla. Wapwa wakatoka. Mabanzi niliyapanga mwenyewe, upande laini chini na magome juu. Yalikaa vizuri, isipokuwa baina ya la tatu na la nne palibaki mwanya wa vidole viwili, na sanda ilionekana. Mchimba kaburi akaniteremshia majani na madonge ya udongo uliokandwa kwa maji. Nikaziba.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kidogo."

Akaningoja. Nilipitisha tena kiganja juu ya mabanzi yote sita, nikaongeza udongo kidogo upande wa miguuni. Kisha akanipa mkono, nikatoka.