Sikumwosha kwa Niaba Yenu

Nimeambiwa mara nyingi kwamba nina mdomo, na sikatai. Basi niseme mapema: siku aliyokufa jirani yetu muuza bajia, wanawake wa mtaa wetu hapa Mwabungo walifanya ubaya. Atakayenichukia kwa neno hili na anichukie, nafasi ipo.

Marehemu alikuwa mtu wa nyika ya Kinango. Aliolewa huku pwani, akasilimu, akafiwa na mume, akabaki. Hakuwa na ndugu hapa ila binti yake mmoja, anayefanya kazi ya kutandika vitanda hotelini Diani. Alikuwa mkali wa ulimi kama mimi, na labda ndiyo sababu tulipatana. Mwishoni alipata saratani ya titi, ikafungua kidonda. Kidonda kikawa na harufu, na harufu ikawapunguza wageni.

Alifariki alfajiri. Jua lilipopanda kidogo uwanja wake ulikuwa umejaa. Wanaume walikwisha kwenda kuchimba kaburi, maziko yakipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Mikeka ilitandikwa, Yasini ikasomwa, chai ikachemka. Sanda ililetwa, kitanda cha kuoshea kikaletwa kutoka msikitini, na ndani ya chumba ukachimbwa ufuo, ule mfereji wa kupokea maji ya maiti. Kilichokosekana ni mtu wa kuosha.

Mwoshaji wetu wa siku zote alikuwa amekwenda Msambweni kwa mjukuu wake aliyejifungua. Lakini huo si udhuru. Kuosha maiti sote tulifundishwa madrasa, mmoja wetu akijilaza na kujifanya amekufa huku kicheko kikimtoka puani. Tulifundishwa pia kwamba kumwosha Mwislamu ni faradhi ya kifaya: wachache wakiitimiza, wote wamesalimika, wote wakiiacha, wote wana dhambi. Ni sheria nzuri sana, ila sisi tumeifanya mto wa kulalia. Kila mtu huketi akiamini kwamba hao wachache ni wengine.

Binti akatoka mlangoni, macho yamevimba. Akauliza kwa adabu, "Mama zangu, nani ataingia nami? Mimi sijawahi kuosha, na peke yangu siwezi kumgeuza."

Zikaanza nyudhuru. Mmoja ana presha. Mmoja ni mja mzito. Wengine wakasema hawana twahara, na miongoni mwao walikuwamo mabibi ambao hedhi iliwaaga tangu zamani. Binti aliwatazama mmoja baada ya mwingine, nao wakatazama vikombe vyao. Kila mtu pale alijua kwamba asipoingia yeyote, maiti atangoja katika joto lile, na kidonda kile, mpaka mwoshaji arudi kutoka Msambweni. Walijua, wakaketi.

Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Wala si mtu wa kupigiwa mfano katika dini. Natembea kichwa wazi mpaka Ukunda na kurudi. Nikajifunga kanga kiunoni, nikamwambia, "Twende, mwanangu."

Nyuma yangu shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote: "Wewe na kichwa wazi hicho, wajua kuosha?"

"Sijui vizuri, shangazi," nikamjibu. "Wewe ujuaye, karibu ndani."

Hakuinuka. Wapo walioguna kwamba nimemvunjia mkubwa heshima. Nilimvunjia, na sijuti.

Tukamwosha. Nilikumbuka kuanza upande wa kulia, nikakumbuka maji ya majani ya mkunazi, na karafuu maiti katika maji ya mwisho. Mengine tulikumbushana. Harufu ilikuwapo, siwezi kuipamba. Binti alilia akimmiminia mama yake maji polepole, akimwomba radhi kila tulipomgeuza. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonishikilia. Ingekuwa huruma peke yake, ningekimbia.

Tulipotoka, shangazi aliinua viganja. "Alhamdulillahi," akasema, "faradhi imetuondokea sote."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. "Mimi sikumwosha kwa niaba yenu."

"Mbona watutukana katika matanga ya watu? Sisi tumemfanyia ubaya gani? Tulimpiga? Tulimnyang'anya? Hatukufanya neno!"

"Ndilo nisemalo, shangazi. Hamkufanya neno."

Baadaye ustadhi wetu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba kifikihi, yaani kwa sheria ya dini, faradhi imewaondokea wote, na mimi sina mamlaka ya kuwazuilia. Nikamwambia sina ugomvi na fikihi. Mungu akiwasamehe, hilo ni shauri lake, wala sitamfundisha kazi. Lakini binti wa mtu alisimama mlangoni akaomba, na watu wenye mikono wakamwacha amesimama. Mniambie hilo si zuri wala si baya, ni kama jiwe lililokaa njiani? Jiwe halikualikwa. Jiwe halikunywa chai ya msiba. Aliyeketi akaona, akaelewa, na akaweza, amechagua, na mtu hupimwa kwa alichochagua. Ustadhi alicheka kidogo, akasema nipunguze ukali. Sikupunguza.

Mtaa ulininunia. Nilipompa shangazi shikamoo, marahaba yake ilikuja imechelewa, siku nyingine haikuja kabisa. Niliendelea kumpa, maana salamu ni haki yake na kununa ni kwake mwenyewe.

Mwaka huu sukari imemlaza. Mguu wake una kidonda kisichofunga, na nyumba hiyo nayo imeanza kupungua wageni. Juzi alituma niitwe. Nilimkuta amelala, dirisha limefunguliwa wazi na ubani umefukizwa kupita kiasi. Akaniambia nifunge mlango.

"Mwanangu," akasema, "siku yangu ikifika, uje wewe unioshe."

Sikujifanya mwema. Nikamwambia, "Kwa nini mimi, shangazi? Una mabinti, una wakaza wana, una mtaa mzima wa wanawake wanaojua kuosha kuliko mimi."

Akageuza uso, akatazama ukuta.

"Hao niliketi nao," akasema. "Nawajua."