Kibuyu cha Mbegu cha Bibi

Sisi tuliokulia Pongwe, boga changa hatukulisonta kidole. Ukitaka kumwonyesha mwenzio, ulikunja kidole ukaelekeza kwa ngumi, maana lililosontwa lilioza. Siku moja nilijisahau, Bibi mzaa mama akanidaka mkono. "Kunja kidole, wewe. Hicho ni chakula cha watu."

Na kweli tulikula. Msusa, yaani majani ya maboga, ulipikwa kwa nazi. Mamung'unye yalitiwa kwenye mchuzi wa samaki. Ramadhani, boga la futari liliiva taratibu tangu alasiri, na sisi watoto tuliofunga nusu siku tukilizunguka jiko. Dodoki kavu ndilo lililotusugua migongo mpaka tukalia. Watoto wa leo wanaogea sifongo laini, wananukia maua, na magoti bado meupe.

Kila msimu Bibi aliteua boga tamu kuliko yote, akazikausha mbegu zake, akazipaka jivu na kuzitia kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko ili moshi uzilinde na wadudu. Jirani aliyekosa mbegu alikuja na shikamoo yake, akapewa kiganja kimoja. Alipozeeka, kibuyu alinikabidhi mimi. Nami nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nikamwachia mdogo wangu, Athumani.

Mwaka huu nimestaafu, nikarudi nipande. Kibuyu nimekikuta sebuleni, kimepakwa vanishi, kimechomekwa maua ya plastiki. Nikauliza mbegu ziko wapi. Mke wa Athumani akanijibu kwa upole kabisa: "Kilikuwa kimejaa masizi, shemeji. Zile mbegu tuliwamwagia kuku."

Kuku! Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Athumani aliyekuwa anacheka na simu yake, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe, maana aliyekabidhiwa ni mimi.

Nikanunua mbegu za dukani. Zikaota, zikatambaa, zikazaa maboga makubwa ya kupigia picha. La kwanza nililipika kwa nazi na iliki kama alivyofanya Bibi. Likawa majimaji matupu. Na mwenye duka ananiambia nisihangaike kuweka mbegu, msimu ujao nije ninunue nyingine.

Wiki tatu zilizopita niliingia shambani na hasira zangu, nikayasonta machanga yote kwa kidole, moja baada ya jingine. Yanazidi kunenepa tu. Hata kuoza hayajui.