Karani anayewasaka madaktari hajui wanafuata nini

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Lorna Vavra anaweka sinia la kolache, vimkate vitamu vyenye plamu, juu ya kabati la mafaili, kisha anawasha kompyuta. Ukurasa ulio mbele yake hauna neno hata moja. Mkuu wake, Dk Merle Thiessen, anataka aandike alichokifanya mwaka huu hata hospitali ikapata madaktari wawili.

"Ningejua ningeandika," anasema Lorna, mwenye umri wa miaka 58. "Niko hapa tangu Jumatatu."

Lorna ni karani wa mafunzo ya ubingwa katika hospitali ndogo ya Harlan Creek, magharibi mwa jimbo la Nebraska, Marekani. Kwa miaka 19, kwa mshahara ambao sasa ni dola 46,000 kwa mwaka, amekuwa akiwashawishi wanafunzi wanaomaliza udaktari waje kusomea tiba ya familia hapa. Wanafunzi hupanga hospitali wanazozitaka kwa mfuatano, hospitali nazo huwapanga wanafunzi, kisha kompyuta huwaoanisha. Machi ndipo kila mtu hujua kaangukia wapi.

Nafasi ni mbili. Mwaka jana zote zilibaki wazi. Bodi ikasema zikibaki tena, mafunzo yatafungwa na wodi ya wazazi pamoja nayo, maana madaktari hao wa mafunzo ndio wanaozalisha. Wodi nyingine iko umbali wa maili sabini.

Tegemeo lao lilikuwa Grant Sorensen, mtoto wa mkulima wa hapo hapo. Alipowatembelea Januari, Lorna alimpikia, akamzungusha mjini, akamkutanisha na mkurugenzi wa hospitali. Grant akaandika barua kwamba amewaweka wa kwanza.

Wiki iliyofuata akaja Keshia Dufresne wa Louisiana, ambaye hakuwahi kukanyaga theluji. Wakitoka uwanja wa ndege, gari la Lorna liliteleza likaingia mtaroni, wakakaa humo saa mbili wakingoja trekta. Keshia akamwomba amweleze ubaya wa mahali hapo.

"Mwanangu, mwaka wa kwanza utalia," Lorna alimjibu. "Wawili waliokutangulia wametuacha. Mmoja hata hakuaga."

Alirudi nyumbani akiwa na hakika amemfukuza binti wa watu. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Ijumaa ya majina ilipofika, Grant hakuwemo. Alikuwa ameangukia Denver. Waliopatikana ni Keshia na kijana mmoja waliyempanga wa kumi na moja, ambaye Lorna ilibidi atafute picha yake ndipo amkumbuke. Dk Thiessen alimkumbatia. Lorna anasema alicheka na wenzake bila kujua anachekea nini. Kesho yake alikutana na mama yake Grant dukani, wakaongea habari za baridi tu, wakaachana.

Akampigia Keshia simu. Alidhani kilichomvuta ni ule ukweli wa garini.

"Hapana, Bi Lorna," Keshia alimwambia. "Mimi nilishaamua kabla sijapanda ndege. Yale maneno yako nusura yanirudishe."

Kumbe binti huyo alikuwa ameziandikia hospitali kumi na tisa kuuliza ataanza lini kuzalisha. Nyingine zilimtumia vijitabu vyenye picha. Harlan Creek ilimjibu kwa maneno matatu: wiki ya kwanza. Lorna aliitafuta baruapepe hiyo akaikuta, ya Novemba, ina jina lake chini. Haikumbuki kabisa.

"Sasa nimwandikie nini Dk Thiessen?" anauliza. "Niliyempikia kaenda zake, niliyemtisha kaja."

Keshia ataripoti mwishoni mwa Juni, na Lorna ameshamtafutia nyumba yenye tanuri zima la kupashia joto. Oktoba wanafunzi wengine wataanza kuulizia. Wakitaka kujua ubaya wa hapa, anasema, atawaambia, ingawa hajui kama kusema ukweli kunavuta watu au kunawafukuza.

"Binti yangu anajifungua mwanzoni mwa Julai," anasema. "Huenda ni Keshia atakayempokea mtoto. Mimi nijiulize amefikaje hapa, sawa. Yeye sitaki awe anajiuliza, akiwa amemshika mjukuu wangu."