Simu Iliyokuwa Ikinionyesha Jeneza

Simu yangu ilikuwa na kiherehere. Baada ya kumzika Mama, kila asubuhi nikianika kokoa uani, ilijitungia video kutokana na picha za msibani: jeneza, uso wa Mama na pamba puani, jeneza tena, chini yake muziki wa kuchezea harusi. Juu iliandika, "Siku zako za furaha." Nilijaribu kuiondoa programu ile, ikagoma, maana ilikuja na simu. Simu nimeinunua kwa jasho langu, kumbe humo ndani mimi ni mpangaji tu! Nikaanza kuogopa kupambazuka.

Kuitupa sikuweza, kwa sababu humo ndimo alimobaki Mama. Hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti, na kila mmoja ulianza vilevile, kwa salamu ya kilugha chetu: "Ugonile, mwanangu? Umekula?" Simu yake mwenyewe ilishaharibiwa na mafuriko ya mto Songwe. Nikizidiwa, nilizisikiliza sauti zile.

Nikaenda kwa fundi wa Ipinda. Akasema anaweza kuifungua simu kabisa, iwe inanitii mimi na si walioitengeneza, nami nitoe chochote nisichokitaka.

"Ila ikifunguliwa inajifuta yote, dada. Picha tumeshahamisha. Sauti je?"

"Sauti zote ziko kwenye memori," nikamjibu, tena kwa kiburi. Huku kwetu tunapeleka kadi ya memori dukani tujaziwe nyimbo za kwaya, na mimi miaka yote nilijua kila kinachosikika kinakaa kwenye kadi. Fundi akaichomoa, akaiweka pembeni, akaanza kazi.

Jioni niliiondoa ile programu kwa kidole changu mwenyewe, nikacheka peke yangu. Kisha nikafungua kadi. Kwaya, kwaya, kwaya. Mama hakuwemo. Nilitafuta mpaka chaji ikaisha, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Nilijichukia.

Wiki iliyofuata alipiga kaka yangu, anayefanya kazi Mwanza na ambaye hakuwahi mazishi.

"Mdogo wangu, nitumie sauti ya Mama. Moja tu. Zangu nilikuwa nazifuta, nilijua atatuma nyingine."

Ningemwambiaje? Nilijifungia chumbani, nikabonyeza kurekodi, nikalegeza koo: "Ugonile, mwanangu? Umekula?" Nilipoisikiliza, ilikuwa ya Mama. Nikaituma kabla sijaghairi, halafu nikaifuta kwangu. Simu haikubisha.

 Kaka akanitumia sauti yake, analia, ananishukuru kwa kilugha chetu.

"Ndaga fijo, mdogo wangu. Ndaga fijo. Ni yeye kabisa."

Nimetaka kumwambia mara nyingi. Jumapili iliyopita nilimpigia nikiwa nimeshajipanga. Akaniwahi, akasema ngoja usikie, akaiweka simu karibu na wanawe. Nikaisikia sauti yangu ikiwasalimu, na watoto wakaitikia kwa pamoja, "Tumekula, Bibi."